Nilijua Kuitikia Tu

Unga wa uwele uliosagwa kwa jiwe una harufu yake peke yake, na ninaposema hivyo mnisikilize, kwa sababu unga ndiyo kazi yangu. Hapa Majengo, Dodoma, nina mashine mbili za kusaga, na tangu asubuhi mpaka alasiri zinanguruma hata mtu hawezi kumsalimu jirani yake asipomshika bega. Unga wa mashine hutoka na joto. Ukiupokea kiganjani unanuka chuma, mkanda na mafuta. Unga wa jiwe hutoka baridi, una chembechembe, unanuka kama ardhi inavyonuka tone la kwanza la mvua linapoigusa, na nyuma ya harufu hiyo, ukinusa vizuri, kuna jasho la mtu aliyepiga magoti. Wateja wangu wa leo hawaijui. Wanawake vijana wanakuja na debe kichwani, wanapanga foleni, wanasagiwa, wanaondoka. Mimi hupitisha mkono katika unga wao kila siku, nikiwa na shati jeupe na saa mfukoni, na harufu ninayoitafuta haimo.

Sisemi haya kwa kujidharau. Mimi si mtu wa kujidharau. Nilianza bila shamba, bila mjomba mwenye cheo, na leo lori langu linajulikana toka Mpwapwa mpaka Manyoni, na nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na bati la kung'aa. Mchumia juani hulia kivulini, na mimi jua nimelila. Shule nilikaa msimu mmoja tu. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa kufuata maandishi ya kwenye magunia. Na lugha je? Mungu alinipa ulimi mwepesi. Kiswahili changu mtu wa Bagamoyo hakitii ila, Kigogo ninacho, Kihindi cha dukani ninacho, na Kidachi cha kuamrishwa mpaka leo kimo kichwani, ingawa Wadachi wenyewe wameondoka zamani. Makarani wenye tai huniita niwatafsirie wakulima. Lakini iko lugha moja ambayo ninayo nusu yake, na ile nusu ninayoikosa haiuzwi sokoni. Hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia kabla mvi hazijanijaa, maana wanangu hawajawahi kuniuliza.

Nilizaliwa Nzuguni, enzi za Wadachi, wakati huko kulikuwa na vichaka vya miiba na tembe za Wagogo zilizolala chini kama ng'ombe waliochoka. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa Mgogo wa kuzaliwa. Alitoka Usandawe, kwenye mto Bubu, upande wa Kondoa. Njaa moja ya zamani, kabla reli haijafikiriwa na mtu, ndugu zake waliwaleta Ugogo yeye na dada yake wakiwa wasichana wadogo, wakawaacha katika nyumba yenye nafaka ili wapate kuishi. Watu walifanya hivyo: mwenye watoto alimwendea mwenye ghala, na njaa ikiisha aliwafuata wanawe. Njaa ikaisha. Wao hawakufuatwa. Wakakulia hapo, wakaolewa hapo, wakajipaka udongo mwekundu na samli, wakavaa shanga, wakajua kupika mlenda na kuamkiana mbukwa kama wenyeji. Lakini wakibaki wawili tu, Kisandawe kilitoka. Msomaji asiyepata kukisikia nitamweleza vipi? Ni lugha inayoalisha ulimi, inaugonga kaakaani. Katikati ya neno kuna mlio kama tone la maji likidondoka mtungini, na mwingine kama kijiti kikavu kinavyovunjika, na mwingine kama mtu anavyomhimiza punda. Siwezi kukiandika hapa, kwa sababu sijui kinavyoandikwa, na wenye kusoma niliowauliza hawajui pia. Nikiwa mdogo nilidhani bibi ana mawe madogo kinywani. Siku moja nilimwomba apanue mdomo, nikachungulia, nikaona meno machache na ulimi wa kawaida, akacheka mpaka akashika mbavu.

Dada yake alikufa mwaka uliotangulia msimu ninaousimulia. Siku ya maziko yake ndipo nilipoona jambo lao, nalo ni kuita njia. Mtu wa nyumba yao akifa ugenini, hakuachwa alale katikati ya mizimu ya watu wengine wasioelewa usemi wake. Aliitiwa njia ya kurudi kwao. Mmoja alikaa upande wa kichwa cha kaburi, akataja mahali pa njiani, mahali kwa mahali, tangu mlangoni pa nyumba mpaka kwenye maji ya Bubu: jabali hili, korongo lile, uwanda ule, kilima kile chenye pango. Mwingine alikaa upande wa miguu, akaitikia kwa niaba ya marehemu: ameaga, amekunywa, amepanda, amepumzika, mwiba haukumchoma. Kila mahali palikuwa na jibu lake, na jibu halikurukwa. Bila mwitikiaji, bibi alisema, mwitaji anapiga kelele tu porini, marehemu hasogei. Basi siku ile hapakuwa na mwingine. Bibi aliita mwenyewe, akainuka, akazunguka kaburi, akakaa miguuni, akajiitikia. Akainuka tena, akarudi kichwani. Jua lilikuwa kali. Wazee wa Kigogo walisimama kando wameinamisha vichwa, wengine kwa heshima, wengine nadhani kwa uchungu wa kumtazama mwanamke mzee anavyokwenda na kurudi kama mtu aliyeangusha kitu majanini.

Baada ya hapo alianza kunitazama. Nilikuwa sijabadili meno yote. Aliniita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mimi nilijivunia ndoa ile kwa sababu ilikuwa na maziwa mengi. Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti penye jiwe la kusagia, jiwe la chini pana lenye bonde katikati, na lile dogo mikononi mwake, akaniambia, "Mume wangu, kaa hapo mbele. Nikifa wewe ndiye utakayenisindikiza. Nataka nikujaribu kama una ulimi." Ninao, nikamwambia. Akasukuma jiwe mbele na kutaja mahali pa kwanza. Akalivuta nyuma na kunipa jibu lake. Mbele, akaita. Nyuma, nikaitikia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, wala hapakuwa na kiboko wala ubao. Mwito ulikuja na uwele ukipondeka, jibu likaja na unga ukimwagika kwenye ngozi. Nikikosea, jiwe lilisimama, na nyumba nzima ikangoja chakula kwa ajili ya ulimi wangu. Mama yangu alikuwa akipita na mtungi na kusema kwamba leo tutakula jioni kwa sababu bwana harusi amesahau wimbo.

Nami nilijifunza upesi. Nasema kweli, sijisifu bure: mlio wa tone la maji niliupata kabla jua halijapanda, na ule wa kijiti kikavu siku chache baadaye, na wavulana wenzangu waliojaribu kuniiga waliishia kutema mate. Walinidhihaki sana. Kusaga ni kazi ya wanawake, na mvulana anayeshinda penye jiwe hana heshima malishoni. Waliniita mume wa bibi. Walisema nasikika kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mmoja wao, mtoto wa jirani mwenye masikio makubwa, alikuwa akinikuta na mbuzi, anasimama mbali, anaalisha ulimi kwa dhihaka, kisha anauliza kama nimeelewa alichosema. Siku moja nikamjibu kwamba nimeelewa: amesema mama yake ni punda. Siku hiyo tulipigana mpaka mbuzi wakaingia shamba la watu. Lakini jioni nilirudi kwenye jiwe. Naona hata sasa magoti ya bibi yenye sugu, unga kwenye nyusi zake, mwanga uliopenya kwenye tundu la tembe na kusimama hewani kama kamba nyeupe. Wakati wa kuitika nilifumba macho, na kila jibu nililolitoa nilimwona mtu anatembea, anafika mahali, anainama anakunywa.

Nilipojua majibu yote nilimwomba anipe upande wake, niite mimi. Akakataa. Jina la mahali pa njia ile, alisema, halitamkwi na mtu ambaye mguu wake haujapakanyaga. Ukiita mahali usipopajua unamtuma maiti kwenye neno tupu, atazunguka humo milele. Ndiyo maana mtoto huanza na kuitika. Kuita ni kwa aliyetembea. Yeye na dada yake walitembea njia ile mara moja, wakija, na njaa tumboni, na kila walipolala ama walipokunywa kaka yao mkubwa aliwatajia jina ili waweze kurudi. Hawakurudi, lakini majina waliyaweka. Sasa akaahidi kwamba uwele ukishavunwa na miguu yangu ikiwa na nguvu tutakwenda wote, yeye na mimi, mpaka Bubu. Nitapakanyaga, nitataja. Kisha nitarudi na kumfundisha mdogo wangu wa kike kuitikia, na siku yake ikifika tutakuwa wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Alianza hata kukaanga karanga za safari na kuzifunga. Uwele shambani ulikuwa umefika kiunoni mwangu.

Hapa inabidi niseme habari ya baba, na sitaki msomaji amchukie. Baba alikuwa kibarua wa reli. Wadachi walipoleta reli Dodoma, kila amri ilitolewa kwa Kiswahili, na mtu wa Ugogo wakati huo Kiswahili alikisikia kama ndege wanavyoimba. Siku moja kambini msimamizi aliamuru watu waweke chini chuma walichokuwa wamebeba. Wenzake wa pwani wakaweka. Baba hakuelewa, akaendelea kusimama nacho begani, akidhani anaonyesha nguvu. Alilazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini, kwa kosa la kusimama. Sisi tuliona mgongo wake alipokuja nyumbani. Mama aliupaka samli, na yeye hakulia. Alikuwa akirudia neno moja la Kiswahili, weka, weka, weka, kama mtu anayekariri sala. Tangu hapo alijifunza kwa bidii ya ajabu, akapewa kusimamia wengine, akanunua tarbushi nyekundu. Na akaapa kwamba mwanawe hatapigwa kwa kutosikia.

Alikuja siku ambayo suke la uwele lilikuwa limechomoza lakini halijakauka. Kambi ilikuwa inahamia mbele, upande wa magharibi, na huko kulikuwa na mahali watoto walifundishwa kusoma. Alitukuta penye jiwe. Alisimama mlangoni akisikiliza, na tarbushi yake ikigusa boriti, kisha akamwambia bibi kwa Kigogo, taratibu, kwamba amekuja kumchukua mtoto. "Mama, huyu atasema lugha ya boma."

Bibi hakusimamisha jiwe. "Boma litamzika?"

"Halitamzika. Lakini halitampiga."

Jiwe likasimama. Bibi alimtazama mwanawe, nadhani aliutazama mgongo wake kupitia kifua, maana macho yake yalishuka. Mimi nilimwambia baba kwamba tuna safari, kwamba karanga zimekwisha kukaangwa, kwamba uwele umebakiza siku chache tu. Baba akasema safari ipo tu, Bubu haihami. Na kweli haikuhama. Zile karanga bibi alizitoa, akatupatia tuzile njiani, na unga alisaga mwingi kuliko tuliouhitaji. Kwenye kuagana nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa reli, nikajizuia. Alinishika masikio yote mawili, kama anavyoshikwa mwanambuzi, akasema, "Nenda, mume wangu. Sitakufa kabla hujarudi. Mtu atakufaje na hana wa kumwitia njia?" Nikamwamini. Mtoto huamini, na mimi nilikuwa na sababu: sikuwahi kumwona bibi akishindwa jambo aliloliamua.

Kule kambini nilikaa msimu mmoja. Niliona mambo makubwa: gari moshi likinywa maji kama ng'ombe, Mdachi anayecheka, watu wa pwani wanaokula samaki mkavu mwenye harufu ya kufukuza fisi. Kiswahili kiliniingia kama maji kwenye mchanga. Mwalimu, Mswahili mwenye kanzu, alinitoa mbele ya darasa niwaonyeshe wengine jinsi ya kutamka, na baba alipopita nje na kunisikia, alivua tarbushi akajifuta uso. Furaha ile ya baba siwezi kuilaani. Lakini wapigaji wa mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, walipofanya kazi nilikaa karibu nao. Nyundo ikishuka nilijifanya ndiyo bibi ameita, na kabla ya nyundo ya pili niliitikia kwa sauti ndogo: ameaga, amekunywa, amepanda. Mwito wenyewe niliusikia kichwani, wimbo wake, sauti yake, bila kuutia mdomoni. Nilitii mwiko. Tena niliona fahari kuutii, nikijua kwamba baada ya mavuno itakuwa zamu yangu.

Habari ililetwa na mtu wa Nzuguni aliyekuja kambini kuuza mbuzi. Alisema bibi yuko chini, na hasagi. Aliposema hasagi, baba aliomba ruhusa siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili kizuri, akapewa. Tulipanda behewa la mizigo. Tulipofika nyumbani wanawake walikuwa wamekwisha kunyoa nywele, na udongo wa kaburi ulikuwa bado na unyevu upande wa kivuli. Jiwe la kusagia lilikuwa limegeuzwa limelala kifudifudi. Mama alituambia kwamba bibi alijitahidi kungoja. Mwishoni alikuwa akiita, mahali kwa mahali, na wao waliokaa naye hawakujua la kumjibu, wakawa wanamwambia ndiyo, ndiyo mama, naye akatikisa kichwa kwamba siyo, akaanza tena mwanzo.

Baba alikwenda kaburini na mimi nikamfuata. Alivua tarbushi akaiweka chini. Hakuwahi kufundishwa kitu na mama yake, kwa kuwa wakati wake dada yake bibi alikuwa hai, mwitikiaji alikuwapo, nani aliyefikiri kutakuwa na upungufu? Akaniambia, na kwa mara ya kwanza aliniomba jambo, "Mwitie njia, mwanangu."

Nikamwambia sijaikanyaga.

"Najua," akasema. Alikaa chini upande wa kichwa, mahali pa mwitaji, mtu mzima wa miraba minne, msimamizi wa watu, na mdomo mtupu. "Basi mwitikie tu."

Nikakaa miguuni. Nilijibu jibu la kwanza, nikaacha nafasi mahali ambapo jiwe lingesukumwa mbele. Nikajibu la pili, nikaacha nafasi. Upepo ulipita kwenye mabua ya uwele ambayo tayari yalikuwa yamevunwa. Kila nilipoacha nafasi midomo ya baba ilitikisika, kama mtu anayetaka kumsaidia mwingine kuinua mzigo na haoni pa kushika. Nilitoa majibu yote, hakuna nililoruka, hakuna nililokosea, na kama kuna Msandawe aliyeitikia vizuri kuliko mimi siku ile nionyesheni. Nilipomaliza baba aliniuliza kwa Kiswahili, "Amefika?" Nikasema sijui. Mpaka leo jibu langu ni hilo.

Baada ya hapo dunia ilikimbia. Vita vya Wadachi na Waingereza vikaja, baba akachukuliwa kubeba mizigo, hakuonekana tena, na hakuna aliyejua alikofia. Mimi nikahangaika, nikabeba, nikauza, nikanunua, nikawa huyu mnayemsikia. Wimbo wa mwito niliokuwa nao kichwani ulikauka polepole, maana neno ambalo limesikika tu bila kutamkwa halina mizizi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipopata lori la kwanza sikulipeleka kwenye mzigo, nililipeleka Usandawe. Nilifika Bubu, nikanywa maji yake. Huko lugha ipo, watoto wanagombana nayo njiani. Wazee waliponisikia nikitoa majibu yangu walicheka kwa furaha, wakasema nimefundishwa na mtu wa zamani sana. Lakini nilipowaomba majina ya njia ya Nzuguni, walitazamana. Kila nyumba iliyotawanywa na njaa ilikuwa na njia yake, wakasema, na majina yake aliyatoa yule aliyetangulia mbele. Nyumba ya kina bibi haikuwa na mtu tena. Walitaka kunipa majina ya vilima vyao wenyewe, kwa wema tu. Nikashukuru, nikarudi na lori tupu.

Wanangu wanasema Kiswahili, na kizuri, nililipigania hilo. Kigogo wanakielewa wakitukanwa. Nikialisha ulimi mezani, wanacheka kwamba mzee ameng'ata kokoto. Anayekuja karibu ni mjukuu mmoja, msichana, meno ya mbele yamemtoka. Siku ya Jumapili mashine hulala, na yeye hupenda kukaa nami juu ya magunia wakati kumenyamaza. Nimemfundisha majibu. Sikukusudia, nilikuwa nayatamka peke yangu, akayadaka. Ana ulimi, mtoto yule. Tone la maji analitoa safi kuliko mimi, na lile pengo la meno linalisaidia.

Jumapili iliyopita aliyamaliza yote, hakuruka hata moja, akanishika magoti akasema, "Haya babu, sasa wewe ita."

Ningeita nini? Nilifikiria nilipokanyaga mimi. Nikaita, "Mlangoni." Akajibu kwamba ameaga. Nikaita, "Sokoni," akajibu kwamba amekunywa, ingawa sokoni hapana kisima. Nikaita stesheni, akajibu amepanda. Nikaita daraja la reli, akajibu amepumzika, kwa sauti nzito kidogo, kama alivyoona mimi nafanya. Nikaita Nzuguni. Akajibu kwamba mwiba haukumchoma. Toka hapo mpaka Bubu sikuwa na jina hata moja. Yeye alikuwa amefumba macho, jibu linalofuata liko tayari nyuma ya pengo la meno yake, anangoja niite.